Nguo Zilizomkaa Siku Zote

Kila asubuhi, kabla ya kuondoa kifuniko cha cherehani, mama mdogo huzungusha futi kiunoni mwake, huitazama mara moja, kisha huitundika shingoni. Mtu asiyemjua atadhani anainyoosha tu futi iliyolala imekunjwa. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, na nimekulia miguuni pa cherehani ile.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, na ni fundi wa nguo za kike. Duka lake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Cherehani yake iko dirishani, penye mwanga. Meza ya kukatia iko katikati, kioo kirefu kimeegemezwa ukutani, na pembeni kuna pazia ambalo wateja hujipimia nguo nyuma yake. Cherehani ya pili ni ya Bi Vifungo, mwanamke mtu mzima aliyeanza hapo kwa kushona vifungo tu na sasa anafanya umaliziaji wote: pindo, matundu, zipu, na maneno. Maneno hasa. Mama mdogo husema kwamba Bi Vifungo akinyamaza, yeye hutazama kama umeme umekatika.

Nyuma ya duka kuna vyumba viwili anamoishi mama mdogo. Mumewe alifariki zamani na hawakujaliwa mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa nikipelekwa pale kila likizo, na nilipomaliza chuo nikaendelea kwenda bila kupelekwa. Nilikuwa nikikaa kwenye kigoda karibu na pasi, nikiandika barua za kuomba kazi na kusoma. Hakuna aliyenilazimisha kuongea.

Mtaani wanamwita Fundi, bila kuongeza jina la kazi, kama vile mafundi wengine wote ni wanafunzi wake. Haruhusu nguo itoke dukani ikiwa inavuta mgongoni au imelegea kwapani. "Nguo ikimkaa mtu," husema, "mtu anasahau kwamba ameivaa." Na tangazo la duka ni yeye mwenyewe. Mteja akiingia, kwanza anamtazama Fundi alivyovaa, ndipo anaeleza anachotaka, na mara nyingi anachotaka ni hicho hicho alichokivaa Fundi.

Ndiyo maana alipoanza kuumwa hakuna aliyeona.

Maumivu yalikuwa yanakuja baada ya kula. Yalianzia chini ya kitovu, upande wa kulia, na mwenyewe aliyaeleza kwa lugha yake: kama mtu amepitisha uzi kwenye kitambaa halafu anauvuta taratibu hadi kitambaa kikunjamane. Kisha choo. Alikuwa akiinuka katikati ya kazi, mguu umeacha pedali, anapita nyuma haraka, anarudi, ananawa mikono, anaendelea pale pale alipoishia. Baada ya muda akaanza kuwaambia wateja waje mchana tu, na asubuhi akawa hali kitu ili aweze kukaa.

Kwenye zahanati ya mtaani alipewa dawa za vidonda vya tumbo. Akapata nafuu kidogo, au alijiambia amepata. Akarudi, akapewa nyingine. Akapewa za minyoo, akapewa za amiba, akaambiwa aache pilipili, ambayo hajawahi kuipenda. Mwishowe akapelekwa kupimwa kwa kamera. Ya kwanza iliingizwa mdomoni, ikaonyesha wekundu kidogo tumboni. Ya pili iliingia kwa chini, ikazunguka utumbo mpana wote, ikatoka na habari njema.

"Majibu mazuri, mama," akaambiwa. "Utumbo wako hauna kitu."

Alirudi dukani na majibu hayo mazuri kama mtu aliyetukanwa barabarani.

"Kwa hiyo ninajitungia," akasema, akaondoa kifuniko cha cherehani.

Mama yangu alikuwepo siku hiyo. Mama ni muuguzaji wa watu wote isipokuwa wale wanaougua kweli. Hao huwagombeza, kwa sababu anaogopa. "Umeambiwa huna kitu. Shukuru, ule."

"Dada, nimeambiwa mimi," akajibu mama mdogo. "Tumbo halijaambiwa."

"Ni mawazo. Unakaa peke yako mno."

"Peke yangu?" Mama mdogo akamwelekezea kidole Bi Vifungo. "Na huyu ni nini?"

"Mimi ndiyo mawazo yenyewe," akasema Bi Vifungo, sindano mdomoni.

Wakacheka wote watatu, na mambo yakapita. Lakini nilimwona mama mdogo akitazama sahani ya wali aliyowekewa na dada yake, akiitazama kama mtu anayetazama ngazi ndefu. Akala nusu. Baadaye nikamsikia nyuma ya ukuta akiugulia maumivu.

Siku moja aliniomba nipige pasi nguo yake ya kijani, ile ya kwendea harusini. Nikaigeuza ndani nje ili nianze na mishono, kama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Ubavuni kulikuwa na mstari wa mshono. Ndani yake, mstari mwingine. Ndani ya huo, mwingine tena, na mwingine, yote imenyooka, inafuatana kama mistari ya daftari, kila mmoja ukisogea kuelekea mwilini. Ubavu wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Na kitambaa kilichobaki nje ya mishono kilikuwa kimekunjwa vizuri na kuachwa humo ndani, kizito, kinakwaruza mkono.

Nilielewa futi ya asubuhi ilikuwa ya nini.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukielewa, na nikainua kichwa ili niulize. Mama mdogo alikuwa amesimama mbele yangu. Akaichukua nguo mkononi mwangu bila ukali, akaipiga pasi mwenyewe.

Mtaa wetu una macho. Mtu akikonda tu, majirani wanamaliza vipimo kabla yeye hajafika hospitali, na majibu wanapeana dirishani. Mama mdogo aliwajua. Alikuwa ameshona nguo za nusu yao na kusikia, akiwapima mabega, wanayosema juu ya nusu nyingine. Kwa hiyo kila alipopungua, alipunguza nguo. Usiku wa Jumamosi anafumua na kushona, Jumapili anatoka, nguo imemkaa, na watu wanasema Fundi hazeeki. Shingo aliifunika kwa kola. Mikono aliivisha mikono mirefu, ikawa mtindo, wateja wakaagiza mikono mirefu.

Barua ya kumpeleka kwa daktari bingwa wa utumbo katika hospitali kubwa aliipigania mwenyewe. Alikwenda zahanati asubuhi moja na kazi yake mkononi, akakaa mbele ya mlango wa daktari akishona pindo. Daktari akatoka, akamwambia hakuna haja. Akasema sawa, akaendelea kushona. Saa ya chakula cha mchana daktari akatoka tena, akamkuta. Jioni akaandika barua.

"Alichoka," akatuambia mama mdogo. "Mimi nilikuwa bado nina pindo mbili."

Mama alikuwa kazini siku ya miadi, kwa hiyo nikaenda naye mimi. Korido ilikuwa ndefu, viti vya plastiki vimefungwa pamoja, na ukutani kulikuwa na mchoro wa tumbo la binadamu uliopauka kwa jua. Muuguzi wa mlangoni alimpima mama mdogo uzito, akauandika, akatuingiza. Daktari bingwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, na alikuwa na tabia ya kusubiri baada ya kuuliza. Aliuliza maumivu yako wapi. Aliuliza choo kikoje, na kama kinamwamsha usiku. Aliuliza kuhusu vidonda mdomoni, homa, viungo. Mama mdogo alijibu yote vizuri.

"Umepungua mwili?"

"Nguo zangu zote zinanikaa."

Daktari akamtazama. Kusema kweli, zilikuwa zimemkaa. Alivaa ile ya kijani.

"Ulikuwa na uzito gani zamani?"

"Kabla ya leo sijawahi kujipima, daktari. Sisi tunapima kwa futi."

"Kuna dawa unazotumia kila siku?"

"Hakuna."

Daktari akaandika vipimo vya damu na vya choo, akasema arudi majibu yakitoka, wataanzia hapo. Alisema kwa upole. Ulikuwa upole ule ule wa zahanati, upole wa mtu ambaye hajashtuka.

Tukatoka. Mama mdogo akakaa kwenye kiti cha korido, mkoba mapajani, hakusogea. Mgonjwa aliyefuata alikuwa mwanamke aliyeshikwa mkono na mwanawe. Gauni lake lilikuwa limemwanguka begani, kiunoni limefungwa na pini ya nepi, na chini linaburuta. Daktari alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, akainuka kitini kwake, akaja kumpokea.

Mama mdogo alimtazama mwanamke yule hadi mlango ulipofungwa.

"Umeona," akasema. "Yule hajafungua mdomo, ameshaaminika."

Akashusha macho kwenye nguo yake ya kijani.

"Na mimi nimekuja hapa nimejificha ndani ya kazi yangu nzuri."

Alingoja hadi mwanamke yule alipotoka. Kisha akainuka, akaenda kwa muuguzi wa mlangoni.

"Mama, wewe umeshaonwa," muuguzi akasema.

"Nimeonwa, mwanangu. Lakini nimedanganya."

Muuguzi alikuwa hajawahi kupewa sababu hiyo. Akampisha.

Ndani, mama mdogo hakueleza chochote. Alipita nyuma ya pazia la kitanda cha kupimia. Tukasikia zipu. Akatoka amejifunga shuka la hospitali kifuani, na hapo kwa mara ya kwanza nikaona mabega yake, mifupa yake ya shingo, mikono yake ambayo mtindo wote wa mtaa ulikuwa umetokana nayo. Mkononi alikuwa na nguo ya kijani, ameigeuza ndani nje. Akaitandaza mezani, juu ya karatasi za daktari.

"Huu wa nje kabisa ndio mwili wangu," akasema, kidole kwenye mstari wa kwanza. "Nilikuwa hivi nilipoishona. Hapa ndipo maumivu yalipoanza. Hapa nilikuwa ninameza zile dawa za vidonda. Hapa ni kamera ya kwanza. Hapa nilikuja kuambiwa sina kitu."

Daktari alifuata mistari kwa ncha ya kidole. Alifika wa mwisho.

"Na huu?"

"Jumamosi iliyopita. Nimeupunguza ili nije kwako."

Daktari akasubiri kidogo, kama ilivyo tabia yake. "Mzani wangu umeniambia ulivyo leo, mama," akasema. "Haukuniambia umetoka wapi. Asante." Akavuta karatasi mpya. "Tuanze upya. Na dawa je?"

"Hilo sikudanganya. Hakuna."

Nilisikia sauti yangu ikisema, "Za mgongo."

Mama mdogo aligeuka akanitazama kama vile pasi imeongea.

"Hizo si dawa," akamwambia daktari. "Hizo ni za kazi."

Na hakuwa anaficha. Katika duka lile, na katika kila duka la fundi ninalolijua, kuna kopo. Letu lilikuwa limejaa vifungo visivyofanana, na kati ya vifungo kulikuwa na vidonge vya kutuliza maumivu. Mtu anayeinama juu ya cherehani mchana kutwa hutia mkono, hutoa kimoja, humeza na chai, hurudi kwenye mshono. Cherehani inatiwa mafuta, fundi anatiwa kidonge. Hakuna anayeita hiyo matibabu.

Daktari aliuliza vinaitwaje, na tangu lini. Alipojibiwa akaweka kalamu chini.

"Sikiliza, mama. Vidonge hivyo vyenyewe vinaweza kuchubua utumbo mwembamba. Na hapo ndipo ninapopashuku. Kamera iliyoingia mdomoni iliishia mwanzo wa utumbo mwembamba. Iliyoingia chini ilifika kwenye mlango wake wa mwisho, haikuingia. Katikati kuna mita kadhaa ambazo hakuna aliyeziona."

Mama mdogo akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kama mkono wa koti lenye bitana ndani. Umeshika huku, umeshika kule, pamechanika katikati."

"Hivyo hivyo. Sasa nikitazama leo nikakuta vidonda, sitajua ni kazi ya ugonjwa au ni kazi ya vidonge. Viache kabisa. Baada ya wiki kadhaa tutapima tena. Mgongo utakuuma."

"Utauma," akakubali mama mdogo. "Lakini huo ninaujua jina."

Jioni ile ile alimwaga kopo mezani, akatenga vifungo huku na vidonge huku, akavifunga vidonge kwenye kipande cha kitambaa avirudishe duka la dawa.

"Sasa na mimi?" akauliza Bi Vifungo. "Mimi mgongo wangu nao hauumi?"

"Ununue vyako ukae navyo kwako. Hapa nikikiona nitakimeza."

"Mwenzangu, mimi ni wa kukuacha peke yako? Naacha na mimi."

Aliacha kwa siku chache. Kisha mama mdogo akamwona ametuna shavu upande mmoja.

"Unakula nini?"

"Kifungo," akasema Bi Vifungo.

Wiki zile zilikuwa ngumu. Mama mdogo aliinua cherehani kwa matofali ili asiiname sana, akaweka mto nyuma ya kiti, na kila alipomaliza upande mmoja wa nguo aliinuka akatembea kuzunguka meza ya kukatia, mkono kiunoni. Tumbo halikuacha. Kazi zilichelewa, na mara ya kwanza katika maisha yake alimwambia bibi harusi kwamba nguo haitakuwa tayari siku aliyoahidi. Alimwambia sababu pia. "Ninaumwa utumbo. Ninapimwa. Ukitaka fundi mwingine nitakukabidhi vitambaa vyako bila kinyongo." Bibi harusi alibaki. Habari ilisambaa mtaani kabla ya magharibi, na kesho yake mama mdogo akavaa nguo ya mikono mifupi.

Kipimo cha choo ndicho kilichompa Bi Vifungo kazi. Mama mdogo alikuwa apeleke kichupa maabara mapema, na alikifunga ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko, na mfuko huo ndani ya kitambaa cha maua kilichobaki kwenye gauni la mteja.

"Mtu akikupora hiyo njiani," Bi Vifungo akasema, "usipige kelele. Mwache aende nayo."

Majibu yalisema utumbo umewaka na kuvimba ndani, tena sana. Damu ilikuwa imepungua. Baada ya zile wiki za kuacha vidonge, kipimo kikarudiwa. Kiwango kilishuka kidogo tu. "Kwa hiyo vidonge vilikuwa vinachochea," daktari akasema, "lakini si vyenyewe vilivyowasha." Mama mdogo akashika kauli hiyo, akairudia njia nzima tukirudi. Mtu mwingine angesikitika. Yeye alikuwa na sura ya mtu aliyepata ncha ya uzi.

Kilifuata kipimo cha picha. Alikunywa maji mengi yenye dawa, akalala kwenye mashine, na kwenye picha daktari alituonyesha sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, chini kulia, pale pale alipokuwa akipaonyesha kwa kidole tangu mwanzo. Ukuta wake ulikuwa umenenepa na njia imekuwa nyembamba.

"Hapa pakiendelea kukaza pataziba," daktari akasema. "Pakiziba itabidi tukukate haraka, na hali uliyonayo sasa si ya kukatwa. Ndiyo maana sitaki tubahatishe."

Safari hii kamera aliiingiza daktari mwenyewe. Siku ya kuamkia kipimo mama mdogo alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, na Bi Vifungo akaweka kigoda nje ya mlango wa choo akamsimulia habari za mtaa mzima, mpaka mama mdogo akasema kutoka ndani, "Sasa hata nikipona, siwezi kuwatazama watu usoni." Kamera ilifika kwenye ule mlango wa mwisho na ikaingia. Kulikuwa na vidonda virefu vimepangana, na kati yake nyama nzima. Daktari akanyofoa vipande vidogo vidogo vya kupeleka maabara.

Tulidhani ndiyo mwisho. Daktari akasema bado.

"Ninashuku magonjwa mawili," akatueleza. Mama alikuwa amekuja siku hiyo. "Moja ni kifua kikuu cha utumbo. Jingine linaitwa ugonjwa wa Crohn. Hapo mwili wenyewe unaushambulia utumbo wake. Kwa macho yanafanana sana. Lakini dawa za Crohn zinapunguza kinga. Nikikupa hizo, kumbe una kifua kikuu, nitakuwa nimekifungulia mlango. Kuna kipande tumekiotesha maabara tuone kama vijidudu vitaota. Vinaota polepole."

"Mpe tu kitu," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Huyu anaisha. Mpe kimojawapo."

"Kuna wagonjwa tunaowaanzishia dawa za kifua kikuu na kutazama," daktari akasema. "Inaruhusiwa. Tukikosea tutapoteza muda, na sehemu ile itaendelea kukaza. Au tusubiri majibu, na wakati huo nikulishe lishe ya maji tu, hakuna chakula kigumu, ili utumbo upumzike. Uamuzi ni wenu."

"Ni wangu," mama mdogo akasema. "Nitasubiri."

Nje, mama alimfuata akimgombeza korido nzima. Kwamba ni mkaidi. Kwamba marehemu mama yao alisema hivyo tangu zamani. Kwamba atakufa akisubiri karatasi.

Mama mdogo akasimama. "Dada, nimekaa miaka bila jina hata moja. Leo ninayo mawili. Nitashindwa kusubiri moja litoke?"

Mama akafuta macho kwa kiganja, akamshika mkono, na tukaendelea kutembea.

Alisubiri. Alikunywa ile lishe ya maji iliyokuwa na ladha, kwa maneno yake, ya chaki ya fundi iliyotiwa sukari. Alikunywa kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni, akitazama ukuta. Bi Vifungo alihamishia chakula chake nje, akawa anakula amesimama barabarani ili harufu isiingie dukani, na wapita njia wakamuuliza kama amefukuzwa. Jioni moja tumbo lilimjaa mama mdogo na akatapika. Tukampeleka hospitali, akatundikiwa maji, daktari wa upasuaji akaja kumbonyeza na kusema watangoja mpaka kesho. Kesho yake tumbo likalainika. Aliporudi dukani alizungusha futi kiunoni, akaitazama, akaitundika shingoni, akakaa.

Kati ya mambo yote niliyoyaona, hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi: alikuwa hajui kama atapona, na aliuliza, "Lile gauni la mwalimu limefikia wapi?"

Majibu yalipotoka, daktari aliyasema bila kuzunguka. Hakuna kilichoota. Kipimo kingine cha kifua kikuu kilikuwa safi, na picha ya kifua pia. Vile vipande vya nyama, vikitazamwa pamoja na picha, na vidonda, na historia yake yote, vilisema ni Crohn.

"Hauponi ukaisha," daktari akasema. "Ila unatulizwa, ukalala. Utatumia dawa kwa muda mrefu, tutakupima mara kwa mara, na vile vya kopo usiviguse tena."

"Sema tena jina lake," mama mdogo akaomba.

Daktari akasema. Mama mdogo akalirudia, taratibu, kama anayejaribu kitambaa kwa vidole.

"Crohn," akamwambia Bi Vifungo tulipofika.

"Ndiyo nini hiyo? Mbona kama jina la mtu?"

"Ni la daktari wa zamani aliyeueleza."

"Basi angeueleza na mtaani," akasema Bi Vifungo, "tusingehangaika hivi." Akageuka ukutani, akakaa hivyo kwa muda, akitafuta uzi ambao alikuwa ameushika mkononi.

Dawa hazikufanya muujiza. Zilifanya kazi kama yeye afanyavyo: kidogo, kisha kidogo tena. Wali ukarudi, laini kwanza. Maumivu yakawa ya siku moja moja. Alijifunza vyakula vinavyompiga na vinavyomwacha, na alipopatwa hakujificha. Aliweka kibao mlangoni, akaenda kulala.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye kigoda changu, nikisoma. Mama mdogo alizungusha futi kiunoni. Akaitazama. Hakuitundika shingoni. Aliizungusha mara ya pili, akaitazama tena, kisha akaingia nyuma akatoka na nguo ya kijani.

"Weka kitabu," akaniambia.

Aliigeuza ndani nje, akaitandaza mezani, akachukua wembe, akaanza kufumua mshono wa ndani kabisa, ule aliokuwa ameushona Jumamosi ili aende kwa daktari. Kila alipokata, mimi nilivuta nyuzi. Mshono uliotangulia ulikuwa bado uko pale pale, mzima, tayari kuupokea mwili. Kile kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani kikafunguka, cha kijani kilichokolea kuliko nguo yenyewe, kwa sababu kilikuwa hakijaona jua tangu kikunjwe.

Nilikuwa na lile swali tangu siku ya pasi. Kila fundi akipunguza nguo hukata kinachobaki, asije akamkwaruza aliyeivaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, na kwa wateja hakuwahi kuacha hata uzi. Yake ilimkwaruza mbavu muda wote ule, na mkasi ulikuwa karibu na mkono wake.

"Mama mdogo," nikasema, "mbona hukukikata kilichozidi?"

Hakuinua kichwa. Alimaliza kufumua hadi kwapani, akapuliza vipande vya uzi.

"Hakikuwa kimezidi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimepungua."